Chupa ya Achari Iliyorudi Imejaa

Mpendwa Baba,

Nimekaa kwenye kibaraza cha ndani, pale ulipokuwa ukivua viatu vya kazini, na nimeshika kalamu ya ofisi ambayo sikupaswa kutoka nayo. Ungekuwapo ungenicheka. Ungesema karani ni mtu anayeomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Najua barua hii haina pa kwenda. Nakuandikia kwa sababu kesho asubuhi navuka kwenda Mkokoni, kwenye kambi ya askari, na katika nyumba hii hakuna ninayeweza kumwambia jinsi ninavyoogopa. Mama hataki kulisikia neno hilo. Dada bado mdogo. Umebaki wewe, uliyekwenda huko huko ukalala huko.

Nilidhani mtu akiogopa hukumbuka dua. Mimi nakumbuka haradali.

Nakumbuka kopo la njano kwenye jiko la Bwana DC, Mwingereza wa mwisho uliyempikia kabla ya uhuru, na wewe ukiinamia bakuli dogo kama fundi wa saa. Ulinifundisha kuikoroga nikiwa sijajua hata kuandika jina langu. "Mai baridi," ulisema. "Mai ya moto yaiua. Kisha iwache ikasirike." Tukawa tunaisubiri ikasirike, mimi na wewe, tumekaa kimya mbele ya bakuli. Ukachovya ncha ya kijiti ukanilambisha, pua yangu ikawaka mpaka utosini, nawe ukapiga magoti kwa kicheko.

Yule Bwana alishikilia kwamba haradali iliumbiwa nyama ya nguruwe. Nyama ile hukuigusa; aliyeipika na kuikata ni mwenzako wa jikoni, Mkristo wa kutoka bara. Wewe ulisimama mlangoni na bakuli lako, mwenyewe ukisema, kama mtu anayempeleka binti yake kwa mume asiyempenda. Haradali iliyobaki mezani uliileta nyumbani ndani ya kikombe cha chai kilichofunikwa kisahani, ukampaka nguru wa kukaanga, ukamwekea Mama mbele.

"Leo nimemwozesha upya," ulimwambia. "Nimempa nguru."

Mama akaonja, akakunja uso. "Haradali hii imeshatafunwa na mashini. Ni ya watu wavivu."

"Na yako, Bi Mwanaesha, ni ya watu wa vita."

Ya Mama ilikuwa ile ya mbegu, nyeusi nyeusi, anayoinunua kwa Banyani na kuipepeta kwenye ungo mdogo kama mchele wa bei. Alipasha kwanza mafuta, akamwaga mbegu, akafunika haraka, nazo zikaanza kupasuka chini ya mfuniko. Nilikuwa nakimbilia nyuma yako. Ulinifunika kwa kanzu yako na kumwambia Mama, "Mwanao aogopa mbegu." Naye akajibu bila kugeuka, "Mwanangu mimi? Huyo ni wako. Wangu angalishika mwiko." Baada ya hapo maembe mabichi, pilipili, siki, chumvi, kisha chupa zikapanda darini kukaa juani. Achari ile haikutaka chakula kingine ila wali wa nazi na mtuzi wa papa. Ukiiweka kando ya pilau, Mama alikutazama kama umevaa viatu msikitini.

Yangu mimi ilikuwa ya tatu. Mgeni mmoja wa Bwana DC aliacha chupa fupi ya kioo, ndani yake haradali ya chembechembe iliyolowa siki, laini, yenye uchachu. Wewe ulionja mara moja ukaisukuma kwangu. Nikaila kwa muhogo wa kuchemsha hadi nikaifuta chupa kwa kidole. Ulinitazama sana siku ile. Ulisema, "Hii ndiyo yako. Yauliza kwanza, kisha ndiyo yauma." Nilifikiri unanisifu. Nilipopata kazi ofisini ulirudia maneno yale mbele ya watu, ukaiita haradali ya karani, na baraza zima la mtaa wetu wa Mkomani likacheka. Hata leo wapo wanaoniita hivyo nikipita.

Lakini ya nne ndiyo tuliyoipenda sote, nayo ilitokana na uzembe wako.

Unajua sheria ya Mama. Yeyote anayetoka Amu kisiwani kwetu kwenda mbali hupewa chupa ya achari yake, ikafungwa kwa kipande cha kanga kuukuu na uzi, kwa fundo lake lile la kuzungusha mara mbili. Mtu akirudi, chupa irudi tupu, imeoshwa, na ndani yake kuwe na kitu cha huko alikokwenda. Ukienda Pate unaleta tumbaku ya kumpa jirani. Ukienda Faza unaleta kamba wakavu. Safari moja ulivuka bara na Bwana DC, ukarudi na asali. Chupa hukuiosha vizuri. Mama alipoonja asali yenye mbegu za haradali na uchachu wa maembe aliweka mikono kiunoni. Wewe ulikata mkate wa mofa, ukachovya, ukatafuna kwa utulivu, ukasema, "Bi Mwanaesha, nimevumbua kitu." Tulikula ile asali mpaka magharibi. Mama alikula kuliko sote, huku akikutukana.

Tangu hapo kila ulipovuka bara alikuuliza kama umeiosha chupa, na kila mara alitumaini hukuiosha.

Ulikuwa na tabia moja ambayo hatukuweza kukuondolea. Kitu kizuri hukukila siku ile. Kopo la kwanza la haradali alilokupa Bwana uliliweka likisubiri Idi, na Idi ilipofika ulikoroga unga ule ukangoja, ukangoja tena, haukukasirika. Unga ulikuwa umekufa ndani ya kopo kwa unyevu wa chumvi. Ulicheka, lakini hukujifunza. Bwana alipoondoka na bendera yake alikuachia kopo jipya kabisa, nalo ukalipandisha zidakani, kwenye vishubaka vya ukutani, ukasema, "Hili ni la arusi ya karani."

Halafu kazi ikaisha. Bwana mpya alitoka bara, alikula ugali na sukuma wiki, na mke wake ndiye aliyepika. Ulikaa nyumbani ukipika vyungu vikubwa kuliko watu waliokuwapo. Waliposema wanatafuta mpishi wa kambi ya askari Mkokoni, ulijitokeza kabla hawajamaliza kusema. Mashifta, wale wenye bunduki wa kutoka mpakani, walikuwa wameanza kupita kule, watu wa vijiji walikuwa wakihamia visiwani na magodoro yao, nasi tulikusihi. Ulisema askari nao wana njaa.

Mama alikufungia chupa. Nakumbuka alikwambia palepale mlangoni, "Uile kwenye mashua. Mofa huo, achari hiyo, kula ukiwa ndiani."

Nawe ukasema, "Nitafungua nikifika, nile na wenzangu kwa raha."

Aliyetuletea mzigo wako alikuwa askari kijana kutoka bara, Mkristo, aliyevua kofia akawa hajui aiweke wapi. Alisema mlishambuliwa jioni ile ile mliyofika, kabla jiko halijawashwa. Alisema watu wa Mkokoni ndio waliokuosha na kukuzika, na kwamba walikufanyia kila kinachostahili. Mama alimshukuru, akampa kahawa. Kisha akafungua mzigo. Kanzu ilikuwamo, kisu chako cha jikoni kilikuwamo, na chini kabisa ilikuwamo chupa. Ilikuwa imejaa. Uzi ulikuwa na fundo lake, halijaguswa.

Hakulia aliposikia umekufa, Baba. Alilia alipoiona chupa. "Hata hakula," alisema, na ndilo neno alilolisema mpaka arubaini ikapita. Watu waliokuja kumpa pole walidhani amepotewa na akili. Wewe na mimi tunajua alikuwa anasema nini.

Chupa ile iko zidakani, kando ya kopo la arusi. Haifunguliwi wala haitupwi. Dada hupangusa vumbi kuizunguka. Na tangu siku hiyo haradali haikuingia nyumbani kwetu. Wali tunaula na ndimu.

Sasa nikueleze kilichonipata. Karani mkuu, ambaye pia ametoka bara na si mtu mbaya, aliniita mezani kwake akaniambia kambi ya Mkokoni inahitaji karani wa kugawa posho na kuandika watu waliohama.

"Wewe ni mwenyeji," alisema. "Nikimpeleka mtu wa kwetu, hata lugha yao hataielewa."

"Bwana, baba yangu alifia huko."

"Najua. Pole sana." Alizipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Lakini mwingine nitakayemtuma naye ana baba."

Nilirudi kwenye taipu yangu na vidole vikawa vinapiga herufi ambazo sikuzitaka. Nimefikiria kukataa. Nikikataa kazi imekwisha, na mshahara huu ndio unaomlisha Mama na kumsomesha Dada. Nimefikiria kujifanya mgonjwa, lakini hata uongo unataka ushujaa, nami sina. Wewe ulijua. Mimi ndiye yule wa kuuliza kwanza, ila sijaona siku nitakayouma.

Nilipanga kumficha Mama hadi Ijumaa. Alasiri ile nilitoka ofisini nikapita vichochoro vya nyuma nisikutane na mtu. Nilipofika kwenye daka la nyumba yetu, pale mlangoni, nikasikia mlio. Mbegu za haradali zilikuwa zinapasuka chini ya mfuniko. Nilisimama pale nje, nimeshika kitasa, mtu mzima mwenye suruali ya ofisi, na nilitamani kanzu yako.

Nikaingia. Maembe yalikuwa yamekwisha kukatwa.

"Nani kakwambia?" nilimuuliza.

"Amu ndiyo mji wa kuficha neno?" Hakunitazama. "Ndoo hapa, ushike mfuniko. Mkono wangu umechoka."

Nikaushika. Mbegu zilikuwa zinagonga bati chini ya kiganja changu, nami kila mara nikawa nauachia mfuniko na kuushika tena. Mama aliona. Zamani angenitania. Safari hii aliweka mkono wake juu ya wangu akaukandamiza, tukakaa hivyo mpaka zikanyamaza.

Chupa imekaa juani siku zake na jana ameifunga. Fundo ni lile lile. Ameiweka juu ya sanduku langu bila neno, nami nimeshindwa kuitazama. Nimejaribu kuwaza kwamba nitaila mashuani, kwamba mimi sitafanya kama wewe. Kisha nikajiona nafika ufukoni na fundo bado halijafunguliwa. Nikaona askari mwingine mlangoni, kofia mkononi.

Leo mchana nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikalishusha kopo la arusi. Usinikasirikie, sioni arusi mbele yangu. Kifuniko kilikuwa kimeshikwa na kutu, nikakibandua kwa kisu chako. Nikatia maji baridi ya mtungini, nikakoroga kama ulivyonifundisha, nikakaa kimya mbele ya bakuli. Nilikuwa nimenunua kipande cha nguru. Nikampaka, nikala. Hakukuwa na kitu, Baba. Ilikuwa rangi ya njano tu. Nilimaliza kipande chote nikitumaini pua itawaka, haikuwaka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba umekufa, pengine kwa mara ya kwanza.

Kisha nikaichukua chupa ya Mama. Nikafungua fundo. Nikamimina achari yote kwenye bakuli kubwa la kaure, mpaka mbegu ya mwisho, nikaifunika kwa kawa. Chupa nikaiosha kwa majivu na maji, nikaikausha.

Mama alirudi kutoka kwa shangazi akalikuta bakuli.

"Umeifanyani achari yangu?"

"Nimeitoa. Kuleni ninyi."

"Na wewe utakula nini huko?"

"Nitakula watakachokula wengine."

Alikasirika, nikaona anatafuta neno la kunipiga nalo. Kisha akaitazama chupa tupu mkononi mwangu, na macho yake yakapanda polepole hadi zidakani, kwenye ile nyingine. Nilitamani kumwomba radhi, lakini sikujua kosa ni lipi.

Akanipokonya chupa. Akaiosha tena, maana hajawahi kuamini mtu mwingine kuosha chupa. Akaifuta kwa ncha ya kanga aliyoivaa. Akachukua kile kipande cha kitambaa na uzi, akaifunga mdomo, tupu, kwa fundo la kuzungusha mara mbili, akanirudishia.

"Haya," alisema. "Mato yako mekundu. Kanawe uso."

Sasa amekwenda kulala mapema, au amelala macho, sijui. Bakuli liko mezani na harufu yake imejaa nyumba, ile ya zamani, na mimi ninayeondoka ndiye pekee ambaye sijaonja. Siwezi. Nikionja nitabaki.

Ukinisikia nikipita karibu yako kesho, usiniite. Mimi nitakuja mwenyewe kukusomea dua, mchana, nikipata wa kunisindikiza. Nitakuletea salamu zake, na sitakuletea chakula.

Chupa iko ndani ya sanduku, imeviringishwa kwenye shati langu jeupe. Ikirudi nami, nitaitia asali wala sitaiosha. Ikirudi bila mimi, itakuwa tupu, na Mama hatakuwa na la kusoma ndani yake, kama nilikula au sikula.

Sogea upande, Baba, unipe nafasi ya kuogopa kidogo.

Mwanao wa kiume,
karani wako