Nyimbo Anazosikiliza Baba

Shikamoo Shangazi Kokushubila. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikemee, maana jambo hili sina wa kumwambia, si nyumbani wala kazini.

Mimi ni muuguzi, nina miaka thelathini na moja, naishi na wazazi wangu Kahororo, hapa Bukoba, na ndimi mtoto wa kwanza, au ndivyo nilivyojua. Baba ni fundi mitambo, amestaafu kutoka kiwanda cha kahawa, mtu wa swala tano na maneno machache, ambaye ujanani alipelekwa kusoma Leipzig, Ujerumani Mashariki, enzi zile ukuta haujaanguka, akarudi, akamwoa mama, na habari za huko hasimulii zaidi ya baridi na viazi. Ila kuna jambo moja mtaa mzima unamtania nalo: mzee huyu anasikiliza hip hop ya Kijerumani. Tena si hip hop yoyote, ni kundi moja tu la vijana watatu waliokulia jengo moja huko huko Leipzig, na amekuwa nao tangu rafiki yake wa chuo alipokuja Bukoba na mradi wa kahawa akamwachia CD yao ya kwanza, mimi nikiwa sekondari.

Tumekua na kundi hilo, Shangazi, tukijua habari zao kama habari za ndugu. Tulijua walianza kurekodi kwenye chumba cha chini cha kuwekea baiskeli, tulijua albamu ya pili ilipowatoa wakaanza kujaza kumbi, siku hiyo baba akatununulia soda wote, tulijua walipogombana mmoja akajitoa, na wiki ile baba alikula kwa shida tukamcheka, halafu yule aliyejitoa akarudi wakatoa albamu ya nne ambayo hata Wajerumani wenyewe hawakuinunua, baba akasema, "Hawajaishiwa, wamechoka tu. Waacheni wapumzike." Mdogo wangu Burhani alikuwa akiiga kufoka kwao mbele ya wageni bila kuelewa hata neno moja, na baba alikuwa akitabasamu.

Sasa mwaka jana nilianza kujifunza Kijerumani kimyakimya, kwa sababu hospitali za huko zinachukua wauguzi, na nyumbani sikusema kitu kwa kuwa safari ikitangazwa mapema huwa haifiki. Jumamosi moja mchana nilikuwa jikoni namenya ndizi, simu ya baba iko barazani inaimba kama siku zote, mara neno moja likaniingia, kisha la pili, halafu sentensi nzima, nikabaki nimekaa na kisu mkononi. Anayeghani alikuwa anamsema baba yake, mwanafunzi wa Kiafrika kutoka mji wa kando ya ziwa, aliyesomea mitambo akarudishwa kwao masomo yalipokwisha, mama mtu akiwa na mimba. Nikamtafuta mtandaoni. Kumbe lile jina la jukwaani si lake, jina lake halisi ni Jamal, na kwenye mahojiano amesema kwao baba yake ni Bukoba, na kwamba jina hilo ndicho kitu pekee alichoachiwa. Shangazi, Jamali ni jina la babu yetu mzaa baba.

Wiki ile nilisikiliza albamu zao zote kwa mpangilio. Ya kwanza anamtukana baba matusi ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa, ya tatu hamtaji kabisa, ya nne ana binti yake mwenyewe na anauliza mtu anaondokaje akamwacha mtoto, na hii ya mwisho anasema hana ugomvi tena, anataka tu kujua kama mzee yupo hai. Na mwezi wa tano wametangaza kwamba kundi linafungwa, tamasha la mwisho ni Leipzig mwezi wa kumi na moja, baada ya hapo kila mtu na njia yake. Baba aliposoma habari hiyo alikaa barazani mpaka chai ikapoa, mama akaiondoa akamletea nyingine.

Ndipo nikakumbuka Burhani alipozaliwa. Ukoo ulitaka arithi jina la babu, baba akakataa katakata, akasema, "Jina hilo lina mwenyewe." Watu wakadhani anamheshimu babu aliyekuwa bado hai, yakaisha.

Mimi mtihani nimefaulu, kazi nimepata, naondoka mwezi wa tisa kwenda mji ambao kwa treni ni saa moja tu kutoka Leipzig. Nifanye nini? Nimwandikie huyo Jamali kwamba baba yupo? Nimwambie mama, maskini, ambaye kila Ijumaa ndiye anayemnunulia baba bando, na wimbo ule wa baba mtu ukianza barazani anazima redio ya jikoni na kutunyamazisha, hajui anachosikilizishwa ndani ya nyumba yake? Au nijifanye sikuelewa niende zangu? Baba zangu wadogo kule Ijuganyondo wakisikia watasema kijana amefuata kibanja, shamba la migomba la ukoo. Na nikuambie ukweli, nina hasira na baba, na nina wivu, maana mimi hajawahi kunisikiliza hata nusu ya anavyowasikiliza wale.

Ni mimi, Binti wa Kahororo

*

Marahaba, mwana wange. Pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Umesoma Kijerumani mpaka ukafaulu, lakini mama yako mzazi hujamsoma. Mwanamke anayenunua bando la muziki asiouelewa, anayenyamazisha jiko zima wimbo fulani ukianza, anayebadilisha chai iliyopoa bila kuuliza imepoaje, unamwita maskini, hajui? Hebu fikiri, baba yako alipokataa lile jina, kichanga kilikuwa mapajani mwa nani? Ukoo ulisikia heshima kwa babu, lakini aliyetoka kujifungua alisikia zaidi ya hapo. Simjui mama yako na ninaweza kukosea, ila nikilazimishwa kukisia nitasema alijua kabla wewe hujaanza shule, akaamua mwenyewe namna ya kuishi na jambo hilo. Usiende kumfumbua macho mtu ambaye huenda aliyafumba kwa hiari yake.

Hasira kwa baba unayo haki nayo, lakini ipime. Enzi zile mwanafunzi wa kigeni muda wake ukiisha alipandishwa ndege, na hakuna aliyemuuliza amemwacha nani. Hilo si kosa lake. Lakini posta ilikuwepo, simu zikaja, na rafiki wa chuo alifika mpaka mlangoni, na baba yako hakuandika hata mstari mmoja. Hapo simtetei. Alichofanya ni kusikiliza. Amesikiliza kila tusi la mwanawe kwa lugha aliyoielewa yeye peke yake humo ndani, huku ninyi wengine mkicheza. Kama ni toba au ni woga mimi sijui, na wewe pia hujui, kwa hiyo acha kumhukumu kabla hujamuuliza.

Wivu ndio umenichekesha. Unalalamika hajawahi kukusikiliza, na wewe umemwambia nini? Mwaka mzima umesoma lugha chini ya paa lake, umefaulu, umepata kazi, umebakiza miezi michache uondoke, na mzee hana habari. Mtunza siri katika nyumba hiyo si mmoja, binti yangu. Wala hakuna aliyekunyang'anya nafasi yako. Uliyebebwa na kulelewa na baba huyo ni wewe, mwenzako alipewa jina tu.

Na hao wa Ijuganyondo wasikusumbue. Mtu aliyejaza kumbi za Wajerumani hana haja na migomba yenu, na akiitaka, mpeni jembe aanze kupalilia.

Sasa fanya hivi. Kijana usimwandikie kwanza. Akipata habari za baba yake kwa mtu asiyemjua, atakuuliza mzee mwenyewe amesemaje, nawe utakosa jibu. Wiki hii, mchana, chukua kiti ukakae na baba barazani muziki ukiendelea. Usianze na Jamali. Mwambie, "Baba, nimefaulu mtihani wa Kijerumani." Halafu nyamaza, na kimya kikikuchoma kivumilie. Atajua mwenyewe umeelewa nini. Anaweza kulia, anaweza kuchukua kofia yake akaenda msikitini, anaweza kukuuliza unasafiri lini. Lolote atakalofanya, usimfuate na maswali, mpe siku zake. Akitaka kutuma salamu, mrekodi kwa sauti yake, hata ikiwa ni maneno mawili. Akitaka kwenda mwenyewe, anzeni viza mara moja, maana ubalozi hausubiri mtu amalize kulia.

Akikataa kabisa, usimlazimishe, na usimdanganye. Mwambie machoni kwamba ukifika huko utamtafuta Jamali, ili asije akayasikia kwa watu. Hutakwenda kama mjumbe wake, na hutamwombea msamaha wala kumchongea. Siri hiyo ni ya wazazi wako, waachie waibebe wanavyojua. Kaka ni wako, na kumsalimia kaka hakuhitaji ruhusa ya mtu.