Mwanahawa Ale Sinia Moja Nanyi

Lizaboni, Songea

Mama yangu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Nakuamkia mapema usije ukasema mji umenifundisha utovu wa adabu, maana huko mbele nina maneno makali. Goti linaendeleaje? Korosho mmemaliza kuokota? Mimi ni mzima. Kazi ya kushona ipo, hasa sare za shule, ingawa mvua ya huku inanifungia barazani na cherehani yangu siku nzima.

Najua anayekusomea ni Mwanahawa, kwa sababu hapo nyumbani msomaji ni yeye. Mwanahawa mwanangu, soma taratibu, usiruke mstari hata kama babu yako Saidi amekaa hapo.

Mjomba Saidi, kaka yako, alinipigia Ijumaa. Kasema mtoto wa marehemu dada ameanguka mara tatu tangu mfungo uishe, povu mdomoni. Basi katolewa shule, na kawekewa bakuli lake ale pembeni. Kasema limeshaamuliwa. Kwangu halijaamuliwa, Mama. Nilimjibu hivyo hivyo, akakata simu. Ndiyo maana naandika, barua haikatwi.

Habari za bakuli naulizwa mimi. Nilikula humo miaka saba, nyuma ya jiko, nikiwasikia mnacheka kwenye sinia. Na hili kovu la mkono unalijua. Nilipoangukia mafiga, Mjomba alipiga kelele, "Msimguse mpaka povu likauke!" Wewe ulitaka kunivuta, wakakushika kanga. Watu wazima sita walisimama wakaniangalia naungua. Nilikukasirikia muda mrefu, nakwambia leo. Sasa nimeacha, kwa kuwa nawe ulidanganywa.

Huku kliniki kuna nesi mmoja, mama wa Kingoni, mkali lakini anaeleza. Nilimwambia kwetu wanasema ni shetani. Akaniuliza, "Wewe fundi, sindano ikikuchoma unafanyaje?" Nikasema mkono unaruka wenyewe, maumivu nayasikia baadaye. Akasema ndivyo mwili ulivyo. Kuna neva, kama nyuzi nyembamba, zinatoka kidoleni mpaka uti wa mgongo, na uti unapanda mpaka kwenye ubongo. Habari zinapita humo kwa umeme mdogo mdogo. Ya sindano ikifika kwenye uti tu, amri ya kuondoa mkono inarudi hapo hapo. Ubongo unapata taarifa kazi imeshafanyika. Lakini kutembea, kusema, kukumbuka, kushona, yote hayo yanaendeshwa na ubongo.

Kifafa, akasema, ni pale umeme wa ubongo unapochafuka ghafla. Sehemu zinazopaswa kupokezana zinapiga kelele kwa pamoja, basi mwili unakakamaa na kutetemeka. Povu ni mate tu, mtu ameshindwa kuyameza. Hayaambukizi. Mama, nililia pale kwenye benchi mbele za watu. Miaka saba ya bakuli, kwa ajili ya mate.

Kwa hiyo sikilizeni. Akianguka, mguseni. Mwondoeni kwenye moto, mlazeni ubavu, kitu laini chini ya kichwa. Msimtie kijiko mdomoni, msimkandamize. Ikipita dakika tano hajatulia, mkimbizeni hospitali. Hata akitulia, mpelekeni hospitali ya Mbesa wiki hii hii akapimwe. Akipewa vidonge anywe kila siku, asiache kwa kujiona amepona. Mimi niliacha mwaka juzi kwa ujuaji wangu, nikaanguka juu ya cherehani, jino likaenda. Tangu nimerudia dawa sijaanguka tena.

Mjomba atasema mtoto mwenye kichwa kibovu hasomi. Mama, mwangalie aliyekaa mbele yako sasa hivi. Kasoma neva, kasoma uti wa mgongo, na nyote mmeelewa. Kichwa hicho hicho mnachosema kimeharibika ndicho kinachowasomea. Jumatatu arudi darasani. Mwalimu mweleze ukweli, usimfiche.

Na mkikataa, sitagombana kwa barua. Nakuja kumchukua. Chumba ninacho, shule ipo jirani, na ugali wa mtu mmoja unawatosha wawili. Mjomba ni mkubwa wetu, namheshimu, ila katika hili hanipiti. Yeye alisimama pembeni ya moto, mimi nilikuwa ndani yake.

Nisalimie shangazi yangu wa vitumbua, mwambie bado sijaonja vya kufanana na vyake. Msalimie baba mdogo, muadhini wetu, na dua zake asiache. Msalimie na mke wa kaka, yule aliyekuwa ananiletea maji ya kunawa wakati wengine wanapita mbali. Sijamsahau.

Mjomba naye mpe shikamoo yake, simpunguzii. Nimeshalipia basi la Jumamosi ijayo. Nikifika tutanawa mikono, mimi na Mwanahawa, tutakaa nawe kwenye sinia moja. Atakayeogopa mate yetu asihangaike kutafuta chombo. Lile bakuli langu la bati mlilodhani limeibwa, niliondoka nalo mimi, na huku Songea nawekea vifungo. Nitavimwaga nije nalo, ale humo yeye.

Mwanao aliyeungua akabaki,
Asha