Theluji Kidogo Busan

Busan, tarehe 19 Januari

Wifi yangu mpendwa Ok-bun,

Nakuamkia kwa heshima zote. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Jeongseon? Mimi ni mzima, ila nimenenepa, na kosa ni la supu za huku.

Wiki uliyoniruhusu ilikwisha jana. Najua unanitazamia nyumbani kwa tambiko la mwaka wa kwanza tangu afariki mume wangu, mdogo wako Chang-bae.

Mji nimeuzunguka hasa. Treni ya chini ya ardhi haitutozi wazee, basi nilikuwa nikipanda mpaka mwisho na kurudi. Nimeiona bahari aliyoniahidi marehemu. Kila mwaka alisema tungekuja kiangazi, na kila kiangazi viazi vilituzuia. Kofia ya pwani aliyonunua aliishia kuivalia shambani.

Nimepanga chumba kwa Mama Yeong-mi, mjane mwenzangu, anayeuza supu ya nguruwe juu ya ngazi ndefu za mtaa. Siku ya kwanza aliniuliza kama sisi wa milimani tunajua kucheka, au midomo imeganda. Nilimjibu kwamba huwa tunasubiri kitu cha kuchekesha.

Alhamisi kikaja. Ilianguka theluji, wifi, isiyofunika hata kidole, na mji mzima ukapiga kelele. Mabasi yalisimama. Fundi viatu, mtu mzima na heshima zake, alishuka ngazi kwa makalio. Mama Yeong-mi naye akatoka na sufuria, akamwagia ngazi maji ya moto ili theluji iyeyuke! Nilimpigia ukelele: "Mama wee, unatupikia barafu!" Nikashika fagio, nikaponda mabonge ya jivu la makaa, nikalitandaza ngazi kwa ngazi kama tufanyavyo kwetu. Kufikia mchana nilikuwa na wanafunzi sita, wote wenye mvi, nawakaripia nao wananitania. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu tumzike mdogo wako sikuwa nimeisikia sauti yangu ikicheka.

Jioni Mama Yeong-mi alinisukumia bakuli akasema, "Haya, mwalimu wa theluji, unarudi kuzungumza na kuta? Kaa hapa tuuze supu."

Wifi, nisamehe. Nimekubali.

Naomba tambiko nilifanyie huku, nawe uje. Mila za ukoo unazishika wewe, na ukikataa nitafunga mzigo nirudi bila kununa. Ila nijibu upesi, maana nimekwisha mwambia marehemu mwenyewe. Jana nilisimama ufukweni nikamtajia mtaa, idadi ya ngazi na rangi ya mlango, ili roho yake ikija siku ya tambiko asije akabisha hodi kwenye nyumba tupu. Nikirudi itabidi nianze kumweleza upya, na unamjua mdogo wako: njia moja alielekezwa mara tatu, na bado alipotea.

Nisalimie shemeji na wanao wote, na umpapase ng'ombe wangu shingoni.

Mimi, mke wa mdogo wako,
Mal-sun