Mayai Yaliyochubuka

Neema mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika huku Gonja, marahaba. Babu yako mzima, yuko shambani anavuna tangawizi.

Unauliza kwa nini mayai yako ya rangi yanachubuka ukiyamenya. Ni mapya mno, mama. Yaache wiki nzima ndipo uyachemshe. Nilipokuwa bibi harusi mgeni hapa, niliwakirimu wageni wa kipaimara kwa mayai yaliyotagwa asubuhi ileile. Yakachubuka yote. Nikayatumbukiza hivyohivyo kwenye siki yenye bitiruti, huku nalia. Yakatoka na mabaka mekundu kama kitenge. Nikayakata, nikayajaza kiini kilichopondwa, nikayapeleka mezani nimeinamisha kichwa.

Wageni wakauliza urembo ule unafanywaje. Mama mkwe, aliyeniona nikilia jikoni, akajibu, "Hiyo ni siri ya mkwe wangu."

Yako yakichubuka tena, peleka mezani. Sema ni siri ya bibi yako.