Ufunguo wa Mtu Asiye na Ng'ombe

Kiwanjani, Isiolo

Mama yangu mpendwa,

Natumai magoti yametulia, na ile dawa unameza, si kuificha chini ya mto. Mimi ni mzima, ila nimechoka na watu. Nimechoka kabisa!

Mwaka jana shirika letu lilichimba kisima upande wa Kinna. Tukapiga picha, tukapiga makofi. Zamani madimbwi ya mvua yakikauka pale, wafugaji walihamia mtoni na nyasi zikapumzika. Maji yetu yalipokuja, nani ahame? Nyasi zikaisha. Ng'ombe wakawa wanasimama kando ya birika la kunywea lililojaa pomoni, mbavu nje.

Bosi akasema, "Shida ni nyasi? Leteni kwa lori." Lori likaja, na ng'ombe wa kwingine wakaja kulifuata. Sasa bosi anasema ng'ombe ni wengi, tuchimbe kisima cha pili! Nikamwambia maji, nyasi, ng'ombe na watu vimeshikana, ukigusa kimoja umegusa vyote. Akanijibu, "Wafula, wewe unapenda siasa." Jamani!

Wafugaji wenyewe wakakaa kikao. Bomba la watu libaki wazi, birika la ng'ombe lifungwe mpaka mvua inyeshe. Sawa, lakini ufunguo akae nao nani? Kila mmoja alimshuku mwenzake kwamba atawafungulia wanyama wake. Mama Halima, mwenye nyumba yangu, ambaye mifugo yake iko huko, akasema, "Apewe mtu hana ng'ombe." Wote wakanigeukia.

"Wewe uko na ng'ombe?"

"Sina hata mkia."

Walicheka, wakanikabidhi. Tangu hapo sina amani. Huyu ananiita mkwe, yule ananiletea maziwa. Jana Mama Halima mwenyewe alikuja: "Wafula, ng'ombe yangu mbili tu, wanywe na waende." Huyo huyo aliyenipa kazi! Nikakataa. Leo asubuhi chai yake ya kila siku haikunifikia, na hilo limeniuma kuliko maneno ya bosi.

Halafu mdogo wangu Simiyu akapiga simu kwamba umeninunulia ng'ombe, mtamba wa kuanzia mahari nikileta msichana nyumbani. Mama, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Najua ulivyojinyima. Kisha nikatia mkono mfukoni nikagusa ule ufunguo.

Usinikasirikie. Huyo mtamba mpe Simiyu, awe wake kabisa, si wa kunitunzia. Msichana atangoja, kama yupo. Hawa watu wataniuliza tena lile swali, na nataka niwajibu vilevile nikiwaangalia machoni. Na wewe Simiyu unayemsomea Mama, acha kucheka, nenda ukakate majani.

Nisalimie baba mdogo, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi wa kwaya. Waambie waniombee mvua, tena iwahi.

Ni mimi mwanao,
Wafula, asiye na ng'ombe