Maji Aliyoyapata Punda

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo zako zimefika, zote nne, maana umeweka moja kila ukurasa. Marahaba. Huku Kongwa hatujambo. Goti la bibi yako bado linauma, ila mdomo hauna shida yoyote. Mtama tumevuna kiasi.

Sasa hilo swali lako. Hii ni barua ya tatu unaniuliza nilijuaje kwamba nimekua, eti una miaka kumi na sita na unaona dunia inakuacha. Inakuacha inakwenda wapi? Haya, sikiliza.

Nilikuwa na umri huo huo, nimerudi likizo na jiografia yangu kichwani. Mto wetu ukikauka, maji hubaki chini ya mchanga, nasi huyachimba. Nikawatangazia watu kwamba lazima yawe katikati. Nikachimba asubuhi nzima, shimo likanifika kifuani, mchanga mkavu tu. Kule pembeni punda wetu alikuwa anaparua kwa kwato, maji yakatoka. Mama akamwacha anywe kwanza, kisha akajaza ndoo.

Tulipofika nyumbani nikasema maji nimeyapata mimi. Mama alinitazama, akaendelea kusonga ugali.

Nilikuja kukiri kwamba ni punda siku ya harusi yangu, mbele ya watu wote, na mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Hesabu mwenyewe umebakiwa na mingapi, na usiniulize tena swali hilo kabla haijaisha.

Babu yako