Anatakiwa Msomaji Mmoja

Jumatatu, 6 Machi

Marobota tena. Tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa nimesimama mlangoni mwa ghala la mkonge, bandarini, kitabu mkononi, naandika alama za kila robota linalopita. Vumbi. Nikitema mate yana rangi ya kamba. Mwaka wa kumi na moja huu wa kazi hii, na kifua changu kinaijua kila siku yake.

Baada ya alasiri nikaenda barazani kwa Salim Mshihiri, muuza kahawa wa Msimbazi, kuwasomea watu gazeti kama kawaida. Wengi hawajui kusoma. Wanaojua hawapendi kusoma peke yao. Leo nilikohoa mara tatu katikati ya habari za Ulaya. Salim akaniletea kahawa ya tangawizi bila kuombwa, na Salim si mtu wa kuleta kitu bila kuombwa. Basi koo langu limeshaonekana.

Ukurasa wa nyuma kuna tangazo. Itawekwa simu ya upepo, hiyo redio, Mnazi Mmoja, na bomba la sauti juu ya mlingoti, watu wote wasikie habari kwa Kiswahili kila jioni. Anatakiwa msomaji mmoja. Ajue Kiingereza na Kiswahili. Kutakuwa na mitihani. Nililisoma kwa mdomo kabla macho hayajafika mwisho, ndiyo tabia ya kusomea watu. Nilipoinua uso baraza zima lilikuwa linanitazama.

Jumatano, 8 Machi

Nimefikiri siku mbili nzima. Mlingoti huo ukisimama, nani atakuja kwa Salim kumsikiliza mtu anayekohoa? Mlingoti utasema bure, na kwa sauti kubwa kuliko yangu. Ama niwe mimi ninayesema ndani yake, ama nibaki na marobota peke yake. Sioni njia ya tatu.

Mke wangu hana shaka hata kidogo. “Baba Zuhura, wewe unasoma hata usingizini. Wasipokupa wewe wampe nani?” Mwanahawa hajui Kiingereza changu kilivyo. Nilisoma wakati wa Mjerumani. Kiingereza nilikiokota ukubwani, juu ya magunia, na nusu yake ni matusi.

Barua ya maombi nimeiandika mara nne. Nimechoka hata kabla sijaanza.

Ijumaa, 10 Machi

Kijana wa chumba cha pili alinisubiri uani niliporudi kutoka msikitini. Elia, Mchaga, anamsaidia mjomba wake kuuza vitunguu na viazi kwa jumla sokoni Kariakoo. Amesoma misheni, kwao Kilimanjaro. Miezi sita tumepanga nyumba moja na kila asubuhi ananiamkia vizuri, sijawahi kumjua zaidi ya hapo.

“Shikamoo, Mzee Athumani.”

Mzee! Sijafika arobaini. Nikaitikia marahaba kwa sababu sikuwa na nguvu ya kugombana.

Na yeye ameomba kazi ile. Alisema hivyo bila kuficha, nikampenda kwa hilo na nikamchukia kwa hilo. Akaleta shauri: yeye anifundishe Kiingereza, mimi nimfundishe kusomea watu. Amenisikia kwa Salim, anasema alisimama nyuma mara nyingi. Nilitaka kukataa. Nafasi ni moja, sisi wawili, kwa nini nimnolee mwenzangu kisu? Nikakubali. Nikichoka sana huwa mtu mwema, sijui kwa nini.

Jumapili, 12 Machi

Elia alitoka kanisani, tukakaa ukumbini hadi adhuhuri. Kiingereza chake ni safi, kimepigwa pasi. Hanicheki ninapokosea. Afadhali angenicheka.

Kusoma kwake sasa. Ya Rabi. Maneno yote sawa, herufi zote mahali pake, lakini anasoma kama mtu anayefukuzwa. Nikampokonya gazeti nikamwonyesha. Unawasalimu watu kwanza, unangoja wakuitikie. Unasoma habari moja. Unainua uso. Unanyamaza. Wao wanasema “ehe”. Hiyo ehe ndiyo inayokwambia kwamba wamepokea. Ikija nyepesi hawajaelewa, rudi nyuma, eleza. Isipokuja kabisa, unausomea ukuta.

Mwanahawa alikuwa anachambua mchele pembeni, tukamfanya ndiye baraza. Elia akasoma habari ya nzige. Kimya. Mwanahawa anachambua tu. Akarudia polepole, akainua uso. “Ehe,” akasema Mwanahawa, “na hao nzige wamefika wapi?” Kijana akafurahi mpaka nikaona meno yake yote.

Nami nikafurahi. Baadaye nikajikasirikia.

Jumatano, 15 Machi

Mtihani wa kwanza. Nilimwomba mwenzangu wa ghalani anishikie zamu. Ukumbi umejaa makarani, wengine na tai shingoni, mimi na kanzu yangu nyeupe na koti la marehemu baba. Kwanza kutafsiri karatasi ya Kiingereza, habari za barabara na madaraja. Hiyo niliimudu. Daraja najua, barabara najua.

Kisha tukavalishwa vyuma masikioni, tusikilize Mwingereza akisoma habari na tuandike kwa Kiswahili hapo hapo. Anaongea kama yumo ndani ya kikaango cha samaki. Nilipata nusu. Nusu nyingine nikaiunganisha mwenyewe, kwa kuwa habari za Ulaya siku hizi ni zile zile: fulani ametisha, fulani amekasirika, wamekutana, wameachana.

Elia alitoka uso umetulia. Nimemwonea wivu. Naandika hapa maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Ijumaa, 17 Machi

Yamebaki majina mawili. Langu na la Elia. Jumatatu tutasoma mbele ya chombo chenyewe cha kupokea sauti.

Kwa Salim ilikuwa kama harusi. Kahawa kwa watu wote, kashata, Salim anasimulia kila anayepita njia: “Msomaji wetu huyu! Wallahi Mnazi Mmoja yote itamsikia!” Watu wananishika mkono kana kwamba nimeshapata. Elia alikuwepo, amesimama nyuma, hakuna aliyemshika mkono. Nilimwona. Sikumwita mbele. Hilo nalo liandikwe.

Usiku kifua kilibana.

Jumamosi, 18 Machi

Elia ameniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mimi wiki nzima.

“Mzee, kule chumbani tutakuwa na chombo tu. Nani atasema ehe?”

Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nikaendelea kuzifunga muda mrefu kuliko kamba zilivyohitaji. Ningeweza kumwambia asalimu na angoje, asome na angoje, kama nilivyomfundisha. Angeniamini. Angeharibu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikamwambia kweli. “Hakuna wa kusema. Usingoje. Watakuwa na saa, watakupimia muda. Wewe soma moja kwa moja mpaka mwisho.”

Akashukuru. Nikaenda kazini nikihesabu wema wangu njia nzima, mtu mzuri mimi, mtu mzuri sana.

Jumatatu, 20 Machi

Naandika upesi, nisije nikabadilisha mambo.

Mvua tangu alfajiri. Elia alitangulia kuingia. Akatoka baada ya muda mfupi, akaniambia, “Ni rahisi, Mzee, ni kama kusema na mtungi.” Nikaingia mimi.

Chumba kidogo, kuta zote zimetundikwa mablanketi. Hakuna mwangwi. Hata pumzi yangu sikuisikia. Mezani duara la chuma juu ya kigingi. Nyuma ya kioo Mzungu mwenye saa mkononi, na kando yake karani mmoja Mswahili, mtu mzima. Taa nyekundu ikawaka.

Nikasema, “Assalaam aleikum, wazee wangu na mama zangu.”

Nikanyamaza.

Nilijua. Naapa nilijua, nilikuwa nimemwambia Elia kwa ulimi huu huu. Kichwa kinasema endelea, na mdomo umefunga, unangoja. Miaka yote ile haijapata kunitokea niwasalimu watu nikakosa kuitikiwa, na sikujua kwamba mwili wangu hauwezi kupita hapo. Nikajisukuma. Nikasoma habari ya kwanza, nikasoma vizuri, najua nilisoma vizuri. Uso ukainuka wenyewe. Nikatazama blanketi. Nikangoja blanketi liseme ehe.

Habari zilikuwa sita. Taa ilizimika nikiwa katika ya tatu.

Mzungu akaingia akaniuliza, kwa Kiswahili kizuri tu, “Ulikuwa unangoja nani?”

Nikajibu, “Watu.”

Akaandika kitu. Yule karani alikuwa anatazama viatu vyake, na nadhani yeye alinielewa, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Sikukohoa hata mara moja.

Jumanne, 21 Machi

Marobota. Mvua. Sikwenda barazani.

Jumamosi, 25 Machi

Elia kapata. Alikuja mlangoni na barua mkononi, hakutaka kuingia.

“Nimepata, Mzee. Nisamehe.”

“Hakuna cha kusamehe, mwanangu. Hongera.”

Uongo. Kipo cha kusamehe, ila si chake, ni changu. Mwanahawa akampakulia wali na samaki wa nazi akampelekea chumbani kwake, kisha akarudi akakaa karibu nami kuchambua mchele wa kesho. Nilikuwa na hasira ya kutosha kwa yeyote ambaye angenipa pole.

Jumatano, 29 Machi

Nimekwenda kwa Salim kuwaambia. Siwezi kujificha mwezi mzima. Mlingoti umeshasimama Mnazi Mmoja, unaonekana kutoka mbali, na bomba lake juu limefungwa gunia lisilowe.

Mmoja akasema, “Yaani tuje kusomewa na Mchaga wa vitunguu? Kiswahili chenyewe atakijulia wapi?” Wengine wakacheka. Nikapandwa na ghadhabu mpaka nikasimama. Nikawaambia kijana yule nimemfundisha mimi, kwa mdomo wangu, katika ukumbi wangu, na asiyemtaka asije kuniambia mimi. Kisha kikohozi kikanishika na hotuba ikaishia hapo. Salim akanikalisha. Gazeti la leo nilisoma ukurasa mmoja tu.

Jumatatu, 3 Aprili

Salim alifunga duka saa kumi na nusu, jambo ambalo halijapata kutokea. Akachukua birika na vikombe, akisema kama wateja wamehamia mlingotini basi na kahawa ihamie. Tukaenda wote. Mvua ilikuwa imekatika, majani yamelowa. Watu wengi, wanawake upande wao, wachukuzi wametoka bandarini na vumbi lao. Nilisimama ukingoni, karibu na Salim.

Bomba likakwaruza. Watu wa mbele wakarudi nyuma hatua moja. Kisha sauti ya Elia, kubwa kuliko Elia mwenyewe.

“Masalkheri, wazee wetu na mama zetu.”

Akanyamaza.

Si kwa kusahau. Mtihanini alisoma moja kwa moja, ndiyo maana yuko kule. Leo kanyamaza kwa makusudi, pumzi mbili, tatu, na najua yule mwenye saa alikuwa anamtazama. Mnazi Mmoja kimya. Nani anajua kama mlingoti huitikiwa? Mimi mwenyewe nilichelewa. Akaendelea. Akasoma habari ya kwanza, mvua za bara na reli iliyokatika, polepole, kila neno limekaa. Akafika mwisho wake. Akanyamaza tena.

Nikasema, “Ehe.”

Ilitoka ya kukwaruza, mbaya, lakini ilitoka. Watu wawili watatu wakageuka kunitazama. Salim akasema ehe huku anamimina kahawa, kama alivyozoea kwake. Habari ya pili ilipokwisha wakaitika watu wote wa baraza letu, na yule aliyesema “Mchaga wa vitunguu” naye nilimsikia. Ya tatu wakaitika wanawake. Ya nne uwanja mzima, na wachukuzi wakacheka kwa kujisikia walivyo wengi.

Elia yuko kwenye chumba cha mablanketi. Hakusikia hata moja. Alikuwa ananyamaza tu, anahesabu pumzi, anaendelea.

Nimerudi kabla ya magharibi. Yeye bado hajarudi. Nitamwambia kesho kwamba waliitika, nitamwambia na ya nne ilivyokuwa. Mwanahawa amenichemshia tangawizi. Zamu yangu ni saa moja asubuhi.